Ndege Hana Ahadi

Katika nchi za kaskazini ya dunia, kama vile Uingereza, Kanada na sehemu kubwa ya Marekani, iko desturi ambayo mkulima wa Ugogo akiisikia kwa mara ya kwanza hucheka. Majira ya baridi yakifika, ardhi ikiwa imeganda na theluji imefunika majani, watu hununua mbegu za alizeti, karanga na mafuta ya ng'ombe, wakaviweka nje ya nyumba juu ya kibao, au ndani ya kikapu cha waya kilichoning'inizwa mtini. Si kwa ajili ya kuku. Ni kwa ajili ya ndege wa mwituni, wasio na mwenyewe. Kisha mwenye nyumba hukaa ndani karibu na dirisha, akangoja aone ni nani atakayekuja.

Sisi tuliolelewa penye mashamba ya uwele na mtama twaijua kazi ya kuamia ndege. Kwelea kwelea wakishuka kama wingu, ni kelele, ni kombeo, ni kupiga debe bovu tangu alfajiri mpaka jua lizame. Kumnunulia ndege alizeti kwa fedha yako mwenyewe, tena bila kutazamia yai wala nyama, ni jambo la kuchekesha. Wengi wetu tuna watoto au jamaa wanaoishi huko, nao hutusimulia habari hizi kwa mshangao. Lakini tusicheke upesi. Ndani ya desturi hiyo limo swali linalotuhusu sana hapa mtaani kwetu: aliyetoa ana haki gani juu ya yule aliyempa?

Kwanza tuielewe hali yenyewe. Ndege wengi wa kaskazini huikimbia baridi. Mbayuwayu na korongo weupe wafikao kwetu mwishoni mwa mwaka ni wakimbizi wa namna hiyo. Lakini wako wadogo wasiosafiri. Katika misitu ya Amerika ya Kaskazini yuko mmoja aitwaye chikadi, kwa jinsi anavyolia, mwenye utosi mweusi na koo jeusi. Uzito wake ni gramu 11 hivi, kama vijiko viwili vya chai vya chumvi. Mchana kutwa hutafuta chakula na kunenepa kidogo. Usiku hujikunyata ndani ya tundu la mti, joto la mwili wake likashuka kwa nyuzi kama 10, na mafuta aliyoyapata mchana huteketea usiku huo huo ili asife. Kukipambazuka huanza upya, karibu hana kitu mwilini, ila mbegu alizozificha moja moja katika magome ya miti. Dhoruba ya siku moja au mbili yaweza kummaliza.

Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Margaret Brittingham na Stanley Temple, waliwachunguza ndege hao. Mwaka 1988 walieleza kwamba penye meza ya chakula, karibu ndege 69 katika kila 100 waliuona mwisho wa majira ya baridi. Mahali pasipo na meza, 37 tu. Tofauti hiyo ilitokea hasa katika miezi ya baridi kali kupindukia. Tena mwaka 1992 walitoa habari nyingine, nayo kwangu ina uzito zaidi. Waliiondoa meza mahali ambapo ndege walikuwa wamelishwa kwa miaka mingi, wakangoja kuona kama wataangamia. Hawakuangamia. Waliishi sawasawa na wenzao ambao hawajapata kulishwa kamwe. Maana hata penye meza iliyojaa, chakula chao kingi walikuwa wamekitafuta wenyewe msituni.

Habari hizo mbili hatuna budi kuzishika pamoja. Mwenye meza hupenda kusema moyoni, "Bila mimi wangekufa." Katika wiki fulani ya baridi kali ni kweli. Siku nyingi zilizobaki si kweli: ndege amekuja, ameonja, amekwenda zake, na maisha yake yako kwingine. Nadhani ni vigumu zaidi kuipokea hiyo ya pili. Mtu huweza kuvumilia gharama, huweza kuvumilia baridi ya kwenda kumwaga mbegu asubuhi. Lakini kuambiwa kwamba si yeye anayeishikilia dunia, hapo huumia.

Hapa msomaji wa Biblia atauliza: Bwana wetu alituambia tuwatazame ndege wa angani, wasiopanda wala kuvuna, jinsi Baba anavyowalisha. Mbona basi wanakufa kwa njaa? Katika majira ya baridi ya 1962 hadi 1963 Uingereza ilifunikwa na theluji tangu mwisho wa Desemba mpaka mwanzo wa Machi, na ndege wadogo walikufa kwa wingi mno. Je, mwanamke aliyetoka na makombo ya mkate asubuhi zile alikuwa anaisahihisha kazi ya Mungu?

Mimi sioni hivyo. Wale waliomsikiliza Yesu walikuwa wanakijiji, na shomoro aliyekufa walikuwa wamemwona mara nyingi. Tena shomoro walikuwa wakiuzwa sokoni kama kitoweo cha maskini. Katika Mathayo bei ni wawili kwa senti moja. Katika Luka ni watano kwa senti mbili. Piga hesabu, utaona kwamba yule wa tano ametupwa juu kama nyongeza, kama mama wa sokoni anavyokutilia kiganja cha mwisho cha dagaa. Na ni huyo wa nyongeza ambaye Bwana asema hajasahauliwa. Hakusema kwamba shomoro haanguki. Alisema haanguki bila Baba kujua. Basi kama Baba hamsahau aliye wa nyongeza, mtu anayemkumbuka kwa konzi ya mbegu haisahihishi kazi ya Mungu. Anaifuata kwa mbali. Waskoti wana hadithi ya kale ya Mtakatifu Serf, ambaye ndege mdogo mwenye kifua chekundu alikuwa akila kutoka mkononi mwake. Wanafunzi walimwua ndege huyo katika michezo yao wakamsingizia kijana Kentigern, naye Kentigern akaomba, ndege akaishi tena. Mpaka leo ndege huyo yumo katika nembo ya mji wa Glasgow. Uweze kuiamini hadithi au usiweze, yaonyesha kwamba wakristo wa visiwa vile hawakuona aibu kumhesabu ndege kati ya mambo ya utakatifu.

Sasa nifike penye kiini. Kila mwenye meza ya ndege atakuambia kwamba hawezi kujua nani atakuja. Wako wakazi wa kila siku, kama chikadi. Lakini wako wengine, hasa jamii ya chiriku wa kaskazini, ambao mwaka huu wanafurika hata wanaigeuza meza kuwa vita, na mwaka ujao hapana hata mmoja. Watu wa zamani waliogopa jambo hili. Yuko ndege mzuri mwenye kishungi aitwaye kwa Kiholanzi pestvogel, yaani ndege wa tauni, kwa sababu alitokea ghafula baada ya miaka ya kutoonekana, na watu wakadhani ameleta maradhi. (Sisi tunaomtupia bundi mawe juu ya paa tusiwacheke.)

Sababu yenyewe ni ya kawaida kabisa. Misonobari ya kaskazini haizai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja miti ya eneo kubwa huzaa kwa pamoja, mbegu zikajaa. Mwaka unaofuata yote hunyima. Ndege wanaotegemea mbegu hizo hushuka kusini kwa maelfu wakati wa kunyimwa, na wakati wa neema hubaki kwao. Kwa hiyo yule anayesimama dirishani akisema, "Mwaka huu wamenisahau," angejua ukweli angefurahi: hawakuja kwa sababu wameshiba.

Tena yuko ndege mnene mwenye rangi ya njano, nyeusi na nyeupe, na mdomo mkubwa wa kupasulia mbegu, ambaye miaka ya 1970 alizishambulia meza za mashariki ya Marekani na Kanada katika makundi makubwa. Watu walinung'unika kwa jinsi alivyomaliza magunia ya alizeti. Wakati ule viwavi walao machipukizi ya misonobari walikuwa wamezidi, naye akawalisha makinda yake kwao na kuongezeka. Viwavi walipopungua, naye alipungua. Sababu nyingine zasemekana pia. Tangu mwaka 1970 zaidi ya tisa katika kila kumi wa ndege hao wametoweka. Wako wazee huko ambao miaka ile waligongagonga dirisha ili kumfukuza mlafi huyo, na leo kila majira ya baridi wanaweka alizeti wakitumaini kumwona mmoja tu.

Mlinganishe ndege huyo na kuku wa nyumbani. Ukimmwagia kuku pumba, mna mapatano kati yenu, ingawa yeye hakutia sahihi. Atataga, ataangua, na siku ya mgeni utamchinja. Asipotaga unasema amekula bure, nawe una haki. Lakini kwa ndege wa mwituni hamna mapatano. Hakuahidi kuja. Hajui kwamba ulitoka na viatu vyepesi katika theluji. Hajui kwamba ni fedha. Akiisha kushiba hukugeuzia mkia, na ukifungua mlango akushukuru kwa kukupa mbegu nyingine, hukimbia kama vile umekuja na kombeo.

Wako wanaosema: mbona mtu huyo naye amelipwa? Amepata burudani dirishani, basi hana thawabu. Shauri hili nimelipima nikaliona jepesi. Furaha ya mtoaji si dhambi. Mungu mwenyewe alipoviumba viumbe alivitazama akaona ni vyema. Furaha huwa malipo pale tu tunapoidai, pale tunapokasirika isipokuja. Na hapo ndipo ndege asiye na ahadi anapomsaidia mwenye meza: kila mara anapoanza kuifanya meza kuwa duka, ndege hawaji, naye hulazimika kuamua upya kama atatoka kesho na mbegu au la.

Jambo jingine latokea mezani, nalo huwakera watu wengi. Ndege wadogo wakizoea kukusanyika, kipanga hupata habari. Huko Uingereza yuko kipanga mdogo apitaye kati ya ua kwa kasi, akamnyakua mmoja mbele ya macho ya watoto. Mwenye nyumba hupiga kelele kana kwamba ameibiwa. Lakini ameibiwa nini? Alikuwa mwenye mbegu. Hakuwa mwenye ndege. Kipanga naye ana usiku wa baridi wa kupita. Sisemi tushangilie, maana hata mimi moyo wangu uko upande wa yule mdogo, na kusogeza meza karibu na kichaka apate pa kukimbilia ni jambo jema. Nasema tu kwamba aandaaye meza mahali pa wazi haandiki majina ya wageni. Jua na mvua havichagui shamba la mwema.

Sasa turudi mtaani. Katika mwaka wa njaa kanisa hugawa mahindi. Baada ya mavuno kamati hukaa, na pengine husikika sauti ikisema: "Mama yule tulimpa debe mbili, mbona haonekani ibadani?" Au, "Kijana yule tulimlipia ada, leo amepata kazi mjini, hata barua haandiki." Maneno haya husemwa na watu wema, wenye kutoa. Ndiyo maana ni ya hatari. Hutugeuzia mahindi kuwa nyavu, na yule mama, akiyasikia, mwaka mwingine atalala njaa kuliko kuja kuandikwa jina.

Mtu atanijibu kwamba binadamu si ndege. Binadamu ana akili, na shukrani ni wajibu wake. Ni kweli kabisa, wala sitaki kuupunguza wajibu huo. Wakoma kumi walitakaswa, akarudi mmoja, na Bwana aliuliza wako wapi wale tisa. Aliuliza, maana yake shukrani ina thamani mbele zake. Lakini soma mpaka mwisho uone kama ukoma uliwarudia wale tisa. Haikuandikwa hivyo. Walikwenda zao na ngozi safi. Shukrani ni deni la mpokeaji kwa Mungu na kwa dhamiri yake. Haikuandikwa katika daftari la mtoaji ili aende kuidai. Na pengine, kama ndege wa misonobari, yule mama haonekani kwa sababu sasa ana chakula chake, naye anafanya kazi shambani kwake Jumapili nyingine akiwa na mzigo tusioujua. Ingetupasa kwenda kumtembelea, si kwenda kumhesabia.

Wahenga walituachia neno: tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Nusu ya pili ya neno hilo naikubali yote. Nusu ya kwanza, hapo penye "nenda zako", meza ya ndege imenifanya niitilie shaka.

Maana mwenye meza akienda zake, meza huua. Mwaka 2005 huko Uingereza ulianza kuonekana ugonjwa wa koo katika chiriku wa kijani. Unatokana na kijidudu kilichojulikana zamani kwa njiwa. Ndege mgonjwa hushindwa kumeza. Huitema mbegu yenye mate yake mezani, na mwenzake huiokota. Hua hua wa mbugani hawakutani hivyo. Mezani wanakutana mamia, mdomo kwa mdomo, siku baada ya siku. Chiriku hao, waliokuwa wa kawaida katika kila bustani, wamepungua kwa zaidi ya nusu, na mwaka 2021 waliwekwa katika orodha nyekundu ya ndege wa Uingereza walio hatarini. Na huko Marekani, mwaka 1994, ulizuka ugonjwa wa macho kwa jamii nyingine ya chiriku, ukasambaa nao kwa njia ya meza hizo hizo. Waliokuwa wakiziweka mbegu hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Walikuwa wametenda wema.

Kwa hiyo wanaojua kazi hii hushauri mambo madogo madogo yasiyo na sifa yoyote: kukisugua kibao kila wiki na kukiacha kikauke kabisa, kukihamisha mahali mara kwa mara, uchafu usirundikane chini, kubadilisha maji kila siku, kuweka chakula cha kuisha siku moja au mbili, kisilale na kuoza. Hakuna ndege atakayekusifu kwa kusugua. Jirani hatakuona. Kazi ya kumwaga mbegu ina furaha, ya kusugua haina, na hii ndiyo inayopambanua. Nimeanza kuamini kwamba kutoa hakumfungi mpokeaji hata kidogo, bali kunamfunga mtoaji. Yule aliyepewa mahindi yuko huru. Ni sisi tuliogawa tusio huru: ni sisi tunaopaswa kuuliza kama yalikuwa na uvundo, kama foleni ilimdhalilisha mtu, kama tuliwapanga watu juani tangu asubuhi ili tupige picha.

Na iko siku ambapo wajibu huo humtaka mtu aiondoe meza yenyewe. Majira ya baridi ya 2020 hadi 2021 yalikuwa ya ajabu huko Amerika ya Kaskazini. Misonobari ilinyima katika nchi kubwa, na chiriku wadogo wenye michirizi walishuka kusini kwa wingi ambao watu hawakuwa wameuona kwa miaka mingi. Ulikuwa pia ni wakati wa korona. Wengi, hasa wazee, walikuwa wamefungiwa nyumbani, na kundi lile mezani lilikuwa ndio wageni wao pekee. Kisha, mwanzoni mwa 2021, katika majimbo ya magharibi kama Washington, Oregon na California, ndege wale walianza kuokotwa wamekufa au wamejivimbisha manyoya, hawawezi kuruka. Ilikuwa salmonela, iliyoenea penye meza walipojazana. Idara za wanyamapori ziliwaomba watu waziondoe meza kwa majuma kadhaa, ili ndege watawanyike.

Mtu aliyekuwa peke yake tangu Machi ya mwaka uliotangulia aliombwa atoke nje, akitungue kikapu, akioshe kwa maji ya dawa, akiweke stoo, kisha arudi kukaa dirishani patupu. Wako waliofanya hivyo. Chiriku walikuja asubuhi iliyofuata, wakazunguka mahali pale mara mbili tatu, wakaondoka kuelekea mitini.